Vyumba viwili vya meli, watu wazima watano, na swali ambalo mtoto hamuulizi mzazi

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mnaojificha na simu bosi asiwaone.

Ninachosimulia kimetokea nyumbani kwetu Magomeni na dukani kwetu Kariakoo. Majina nimebadilisha. Mengine yote yako kama yalivyokuwa, na pale nisipojua nitasema sijui.

Niwatambulishe wahusika kwanza, hawazidi mkono na vidole vyake.

Mimi ni Neema, mtoto wa kwanza, miaka ishirini na saba. Naandika riwaya, yaani kwa lugha ya ukoo wetu sina kazi. Anayenifuata ni Eli, kijana wa ishirini na tatu, anauza vipuri vya simu. Kitinda mimba ni Glory, kumi na tisa, yuko chuo.

Baba ni Mchaga wa Rombo. Anauza mashuka, mito na mapazia kwa jumla. Mama ni mshonaji. Mapazia mengi yanayotoka duka lile yamepita kwanza kwenye cherehani yake, sebuleni kwetu.

Mwaka huu ndoa yao imetimiza miaka thelathini. Kanisani wakashauri ibada ya shukrani, kisha ukumbi, kamati, michango, MC na keki ya ghorofa. Baba akakataa.

"Nimekaa kwenye kamati za watu tangu nina nywele," alisema. "Sitaki mtu anikalie kamati."

Ndipo Eli akaja na wazo la cruise. Siyo boti ya Zanzibar, wakuu. Meli ya kitalii, ndefu kama mtaa, inaondokea Dubai, inazunguka Ghuba siku chache na kurudi. Baba amefika Dubai mara nyingi kuliko Kilwa, lakini Dubai yake ni magodauni na vyumba vya kupanga wanavyolala wafanyabiashara wamebanana kama bidhaa zao. Bahari ya kule hajawahi kusimama kuitazama. Mama hata ndege alikuwa hajapanda.

Mama aliweka sharti moja. "Kama ni safari, twende wote. Siendi kupigwa picha peke yangu na baba yenu kama maharusi."

Tukachagua Februari, biashara ikiwa imepoa. Desemba hatukuithubutu. Desemba Mchaga anapanda mlima kwao Kilimanjaro, hapandi meli.

Sasa tuingie ofisini.

Wakala wetu ana ofisi ghorofani, karibu na Mnazi Mmoja. Nitamwita Zulfa. Ni dada wa mjini hapa hapa, familia yao iko Dar tangu minazi ilikuwa mingi kuliko nyumba. Anakukaribisha kwa kahawa na kashata, anakuuliza habari za nyumbani mpaka unasahau kilichokuleta.

Akatufundisha. Cabin, yaani chumba cha melini, ni kidogo kuliko unavyodhani ukiangalia picha. Kampuni haitaki idadi tu, inataka majina ya watakaolala kila chumba. Na aliye chini ya miaka ishirini na moja hapewi chumba bila mkubwa ndani yake.

Glory akanuna. Kura anapiga, chumba hapewi.

Uwezo wetu ulikuwa vyumba viwili. Sisi tuko watano.

Zulfa hakuwaza hata kidogo. "Wanawake watatu huku, wanaume wawili kule. Adabu imekaa, na kila mtu yuko kwa wenzake."

Akaanza kuandika. Eli akatikisa kichwa kukubali, Glory vilevile. Mimi nikasema, "Dada Zulfa, ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

"Baba na mama chumba kimoja. Sisi watoto watatu kingine."

Kalamu yake ikasimama. "Huyu kijana na nyinyi mabinti? Mdogo wangu, chumba chenyewe ukinyoosha mkono umegusa ukuta. Kwetu mtoto wa kiume akishabaleghe hata mkeka wa dada yake hakalii."

"Hata kwetu," Eli akadakia. "Usimsikilize huyo, anaandika vitabu."

Zulfa akacheka. Akatupa muda mpaka wiki iliyofuata. "Majina yakishaingia, kuyabadilisha ni shughuli. Nendeni mkaulizane nyumbani."

Mkaulizane nyumbani. Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayekwambia ukanunue chumvi.

Hapa wakuu lazima niwarudishe nyuma kidogo, maana bila hivyo mtaniona mkorofi.

Mpango wa Zulfa, wanawake huku na wanaume kule, ndivyo wazazi wetu walivyokuwa wanalala nyumbani, mama huku na baba kule.

Ilianza na bibi, mama yake baba. Aliletwa kutoka Rombo baada ya kupooza upande mmoja. Mama akatandika godoro sakafuni chumbani kwa bibi, "siku mbili tatu tu, nione anaamkaje." Godoro likawa kitanda. Siku zikawa miaka. Mama alimgeuza, alimwogesha, alimsuka, alimlisha uji kwa kijiko kidogo cha chai huku akimsimulia habari za majirani, na bibi, ambaye maneno yalikuwa yamemkimbia, alicheka kwa nusu ya uso.

Bibi alipofariki tulimzika Rombo. Tukarudi Magomeni, mama akaingia chumba kile kufungasha nguo za marehemu.

Hakutoka.

Yaani alitoka kupika, kushona, kwenda kanisani. Lakini kulala akalala mle mle. Vitanda viwili, kimoja kitupu, kimetandikwa kila asubuhi kama kuna mgeni anakuja.

Na hapakuwa na ugomvi. Hilo naomba mlielewe vizuri. Baba akirudi kutoka Kariakoo alikuja na machungwa, anayamenya mwenyewe, nusu anampa mama. Wanatazama taarifa ya habari bega kwa bega. Taarifa ikiisha baba anasema, "Haya, Mama Neema." Mama anajibu, "Haya, Baba Neema." Kisha milango miwili inafungwa.

Sisi watoto tukapita katikati ya milango ile tukijifanya tunaona mmoja.

Utaulizaje? Mimi naweza kuandika kurasa mia juu ya mapenzi ya watu ambao hawapo. Lakini chumba cha wazazi wangu kinaanzia kizingitini, na ulimi wa mtoto unaishia hapo.

Nilichokiogopa kilikuwa kimoja. Kwamba wangepanda meli ya miaka thelathini ya ndoa yao, kila mmoja na chumba chake, washuke, na pasiwe na aliyemwita mwenzake. Wakishavuka hilo wakiwa mbalimbali, nilijua wangezeeka hivyo hivyo, kwa upole, na machungwa yao.

Nikaanza na mama. Nilimkuta kwenye cherehani.

"Mama, kuhusu vile vyumba. Naona sisi watatu tulale pamoja."

"Nyie na Eli?" Hakuinua macho. "Eli ana ndevu."

"Tutaweka pazia katikati."

"Na mimi?"

"Wewe... na baba."

Cherehani iliendelea. Akafika mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Baba yako anakoroma," akasema. "Mwulizeni kama anataka mtu wa kumsikia."

Basi. Akachukua kitambaa kingine.

Nilitoka na jibu lile nimelishika kama yai. Halikuwa hapana. Ila lilitaka mtu wa kwenda kumwuliza baba, na mtu huyo hawezi kuwa mtoto wake. Eli akapendekeza wasimamizi wao wa ndoa. Msimamizi wa kike ametangulia mbele za haki. Wa kiume yuko Mwanza na masikio yamechoka; Eli akasema swali kama hili ukimpigia kelele mtu wa Mwanza, Magomeni nzima itakuwa imeshajibu kabla yake.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Mbwambo.

Mzee Mbwambo ni Mpare. Anauza sufuria na madishi ya plastiki, duka lake linatazamana na la baba. Kwa wadogo zangu humu ambao hamkukulia kwenye utani: Mchaga na Mpare ni watani; Mchaga anachekwa kwa kupenda pesa, Mpare kwa kupenda kesi. Mtani anaweza kukwambia neno ambalo ndugu yako wa damu akilisema mnagawana mali. Na huruhusiwi kukasirika.

Siku tulipomzika bibi, alisafiri na sisi hadi Rombo, akaenda kuketi ukingoni mwa kaburi, miguu ikining'inia ndani. Akakataa kutoka. Alisema huyu mama ana sahani yake hajamrudishia. Watu walikuwa wanalia, wakajikuta wanacheka na machozi yako pale pale. Alitoka alipopewa jogoo.

Nikamwendea dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwandishi. Umeshaniandika?"

"Bado."

"Ukiniandika niweke mrefu."

Nikamweleza. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alikuwa anafuta sufuria, akaendelea kuifuta ingawa ilishang'aa.

"Ulikuwa umechelewa wapi?" akaniuliza. "Hii kazi ni yangu, siyo yako." Akaiweka sufuria, akavuka mtaa. Nikamfuata kwa mbali, nikajifanya natafuta mito.

Duka lilikuwa na wateja, akina mama wawili wa kutoka Mbagala waliokuja kufunga mzigo wa mashuka.

"Mchaga!"

"Nipo, Mpare. Kama umekuja kukopa, nimeshafunga."

"Umefunga na umekaa ndani? Ndiyo maana mnaibiwa. Nasikia unapanda meli."

"Napanda."

"Na nasikia utalala na kijana wako."

Baba akakohoa. "Nani kakwambia?"

"Mimi Mpare, nina mashahidi." Akawageukia wale akina mama. "Jamani, huyu anawauzia mashuka ya sita kwa sita. Mmemwuliza yeye analalia nini? Muuza mashuka huyu analala nusu kitanda. Nusu nyingine kaweka robota."

Akina mama wakacheka. Mmoja akasema, "Kumbe baba una nafasi, ungetuwekea mzigo wetu." Baba naye akacheka. Alicheka vizuri kabisa, kisha kicheko kikakatika, kama redio umeme ukikata.

Mzee Mbwambo akasogea karibu. Sauti ikashuka, lakini mimi nilikuwa nyuma ya mapazia.

"Mama yako nilimkalia kaburi mimi. Mkanipa jogoo nikaondoka. Mimi mtani niliondoka pale. Mkeo mbona umemwacha mpaka leo?"

Baba alikuwa anakunja shuka ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

"Nenda kwenye sufuria zako, Mpare," akasema mwishowe, taratibu.

"Nakwenda. Ada yangu hii." Akachomoa mto mmoja rafuni, akauweka kwapani, akavuka mtaa bila kugeuka.

Wakuu, jioni ile nilijiona nimebomoa nyumba. Baba alirudi kimya. Akamenya machungwa kimya. Taarifa ya habari ikaisha, "Haya, Mama Neema," "Haya, Baba Neema." Milango miwili.

Hali ikawa hiyo mpaka siku ya kurudi kwa Zulfa ikakaribia. Eli akasema tukaandike tu wanawake huku na wanaume kule, tusiwaaibishe wazee. Nikakubali. Nilikuwa nimeshakata tamaa, sitawadanganya.

Asubuhi nikapita dukani kuchukua hati ya kusafiria ya baba. Alikuwa amevaa miwani, tepu shingoni.

"Neema. Hicho chumba chenu cha melini, kutoka darini hadi chini ni kiasi gani?"

"Chumba chetu?"

"Chenu. Wewe, Glory na Eli."

Nilisimama. Kariakoo ilikuwa inapiga kelele zake zote nje, mkokoteni unaomba njia, spika inanadi viatu, na mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu. Chenu.

Nikampigia Zulfa. Naye hakujua, akauliza kwa wenye meli, akapiga tena akanipa vipimo. Nikavitaja. Baba akaenda kwenye vitambaa. Hakugusa vile vyepesi vya mbele. Alikwenda nyuma, akashusha kile kizito, rangi ya chai ya maziwa, anachowauzia watu wa hoteli. Akakitandaza juu ya meza, akapima, akapima tena, akashika mkasi.

Baba anauza kwa jumla. Kukata kitambaa kwa mkono wake sikumbuki nilimwona lini.

Akakikunja, akanipa. "Mpelekee mama yako akunje pindo."

"Nimwambie ni la nini?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Mwambie ni la watoto."

Nilikwenda nyumbani nimekikumbatia. Mama akakifungua, akakiangalia.

"La nini hili?"

"La melini. Baba amesema ni la watoto."

Alikaa nalo mapajani muda, akilipapasa pale lilipokatwa. Kisha akalikunja mara mbili, akalinganisha ncha na ncha.

"Kakata kombo," akasema. "Mtu anauza mapazia maisha yake yote, hajui kunyoosha mkasi."

Akalinyoosha yeye. Akashona pindo huku anaimba wimbo wa kwaya, ubeti ule ule mmoja, tena na tena.

Zulfa alituuliza, "Haya, mmeulizana?"

"Hatukuulizana," Eli akajibu. "Tumeshona pazia."

Akatutazama mmoja mmoja, akaandika majina. Baba na mama. Neema, Glory, Eli.

Safari yenyewe sitaisimulia sana, picha za meli mtaziona kwingine. Kuta za cabin ni za chuma, hivyo pazia tulilishika kwa sumaku ambazo Eli alizinunua hapa hapa Kariakoo. Zilishika mpaka siku ya mwisho. Eli alilala kitanda kinachoshushwa kutoka darini, na kila alipotaka kupita alisema "hodi" hata kama tumelala, hata kama ni yeye peke yake chumbani.

Chumba cha wazazi kilikuwa cha jirani. Zulfa alituambia vitanda vyao ni vile vinavyoweza kuunganishwa kiwe kimoja au kutenganishwa viwe viwili. Mwenye chumba anamwambia mhudumu anavyotaka. Walimwambia nini mhudumu, sijui. Nilisema mapema kwamba pale nisipojua nitasema.

Ninachojua ni hiki. Baba, mtu anayefungua duka kabla jua halijapata nguvu, hakutokea kwenye kifungua kinywa. Wala mama. Glory akasema, "Nikawagongee?" Eli akamjibu akiwa na mkate mdomoni, "Ukigonga nakutosa."

Na mchana, baada ya chakula, walikwenda kupumzika, na kupitia ukuta nikamsikia mama anasimulia kitu. Maneno sikuyapata. Ilikuwa sauti ile ile aliyomsimulia bibi habari za majirani. Safari hii aliyecheka alicheka kwa uso mzima.

Siku ya mwisho nilikaa na mama sitahani, tukitazama Dubai inakua kutoka kwenye maji. Nikathubutu.

"Mama, kwa nini hukurudi tu? Mlango ulikuwa pale pale."

Alifikiri. "Niliondoka kwa kazi," akasema. "Mtu wa kazi anarudi akiambiwa kazi imekwisha. Hakuna aliyeniambia imekwisha."

"Na baba?"

"Yeye alidhani bado naomboleza. Anasema kuniita angekuwa kama ananifukuza kwa mama yake." Akafunga vizuri kilemba, upepo ulikuwa unakichezea. "Watu wawili wenye adabu, mwanangu. Adabu nayo ikizidi inafunga mlango."

Nimelibeba hilo tangu siku ile.

Kwa wanaopanga safari ya meli na familia yenye vijana wakubwa: ulizeni umri unaotakiwa kwa kila chumba, ulizeni vitanda vinageuzwaje, bebeni sumaku. Lakini kabla ya kwenda kwa wakala, kaeni mtazame mnavyolala nyumbani. Mkiandika kwa mazoea, meli itawasafirisha na mazoea yenu na kuwarudisha nayo.

La pili ni kwa sisi watoto. Kuna maneno hatuna ulimi nayo, na siyo kosa. Wazee wetu walijua hilo, wakatuachia watu wenye ulimi: mtani, msimamizi, shangazi. Tumewageuza kuwa wa kuchekesha misibani na kupiga picha harusini. Mtumeni kazi mtani wenu. Ila andaeni mto.

Nauliza nanyi mniambie: mkisafiri na wazazi, kwenu vyumba mnavigawaje? Na kuna mwenye milango miwili nyumbani kwao ambayo kila mtu anajifanya ni mmoja? Andikeni hata kwa ufupi. Nasoma zote.

NYONGEZA: Mkuu mmoja hapo chini ameuliza pazia limeishia wapi, na kama Mzee Mbwambo amesharudisha mto.

Mto hajarudisha. Amekuja kudai wa pili, anasema kesi ameshinda na gharama ni za mshindwa. Baba amempa, akamwambia akalale nayo mahakamani.

Pazia tulirudi nalo. Mama alilifua, akaliondoa pindo la upande mmoja ili lienee, na sasa liko dirishani chumbani kwa baba.

Nimezoea vibaya, wakuu. Chumbani kwao.